Nepi Zilizokataa Maji

Jumatatu, 18 Machi 1985

Wangeci amesema amechoka kusikiliza habari za nepi. Amesema kwa miaka kumi na tisa ameishi na mwanamume anayerudi nyumbani kuzungumza juu ya nepi za watoto wa wenyewe, na kama bado nina neno, nilipeleke kwa daftari. Basi daftari ndilo hili. Nimelinunua dukani kwa Abdiqadir, la kurasa tisini na sita, na jedwali la kuzidisha nyuma. Litanisikiliza bila kupiga miayo kama mke wangu.

Mimi ni Naftaly Gachanja, dobi wa nyumba ya uzazi ya Sista Nabiswa, hapa hapa Mbotela. Vitanda kumi na viwili, na nyuma kuna kibanda changu cha mabati chenye karo mbili za saruji, pipa la kuchemshia na kamba zangu sita. Watu humcheka mwanamume anayefua nepi. Wacheke. Wako vijana wa mtaa huu wanaoota ndevu ambao nguo ya kwanza maishani mwao ilitoka mikononi mwangu.

Leo Sista ameniletea mtu. Msichana, jina lake Nasike, kwao ni Bungoma na hapa mjini anakaa kwa shangazi yake Mowlem. Sista alisema mbele yetu sote wawili, bila kupepesa jicho: "Mzee Gachanja, huyu atakusaidia wakati huu wa mvua. Mvua ikiisha, huku nyuma nitabaki na mtu mmoja. Nitaangalia ni nani."

Nina miaka hamsini na sita. Nani ataajiri dobi wa miaka hamsini na sita? Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, lakini mgeni mwingine huja na koleo la kumzikia mwenyeji.

Jumanne, 19 Machi

Mvua.

Jumatano, 20 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nepi za jana ziko kambani, za leo ziko kwenye karai, na za kesho zinachafuliwa huko ndani kwa bidii.

Ijumaa, 22 Machi

Hakuna kinachokauka. Nimefunga kamba ndani ya kibanda, juu ya pipa, na bado nepi zina unyevu, na unyevu umeanza kuleta uvundo. Mama mmoja ameinusa nepi akaikunja kando bila kusema kitu. Ningependa aseme.

Nasike anafua haraka. Haringi, na hachoki kuinama. Ila anatia sabuni nyingi mno na kusuuza mara moja tu, na mtu akisuuza hivyo nepi hukauka ikiwa ngumu kama kadibodi. Niliona, nikanyamaza. Mimi sikufundishwa kazi hii bure, nililipia kwa miaka.

Ananiita Baba. "Baba, nianze na hizi?" "Baba, nikuletee chai?" Leo aliniambia anachotafuta hapa. Anataka kwenda chuo cha uuguzi, na chuo kinataka barua kutoka kwa mwajiri wa kazi ya hospitali. Sista amemwahidi barua akimaliza msimu vizuri. Anazungumza juu ya barua hiyo kama watu wa kanisani kwetu wanavyozungumza juu ya mbinguni. Mimi nikasema, "Haya."

Jumatano, 27 Machi

Leo nina mengi ya kusema.

Patrobas Masinde ni jirani yangu. Ukuta wetu ni mmoja, na redio yake ni ya nyumba zote mbili, tutake tusitake. Anapakia mizigo katika kiwanda kimoja kidogo cha sabuni kule Baba Dogo. Leo asubuhi alikuja kwa Sista amebeba mtungi wa plastiki wa lita ishirini, ndani yake maji mazito ya rangi ya waridi.

"Mzee, hii inaitwa softena," akaniambia. "Unafua nguo yako kama kawaida, unasuuza. Sasa yale maji ya mwisho unaweka kifuniko moja, moja tu kwa karai. Nguo inakuwa laini, inanukia kama bibi harusi."

"Inafanya nini ndani ya nguo?"

"Inafanya laini."

"Hilo nimesikia. Inalainisha vipi?"

"Ah, wewe nawe. Mimi si mwenye kiwanda. Mimi napakia tu."

Nilichovya vidole viwili, nikavisugua. Utelezi haukutoka. Nilivisuuza kwenye bomba, utelezi ukabaki pale pale, kama mtu aliyeshika mkia wa kondoo aliyenona. Nikamwambia Patrobas hii si dawa, haya ni mafuta. Ulaini wake ni kupaka nguo mafuta na kuyaacha humo. Patrobas akacheka, akasema hata mimi nikipakwa mafuta kidogo labda nitalainika.

Sista alitoka, akanusa mtungi, akatabasamu. Sijamwona akitabasamu kazini tangu mwaka jana. Akasema uvundo umepata dawa. Kisha akamwita, si mimi, Nasike. "Kazi ya softena ni yako. Kifuniko kimoja kwa karai, usizidishe." Akakifunga kifuniko kwa uzi shingoni mwa mtungi ili kisipotee.

Miaka kumi na tisa, na kifuniko anakabidhiwa mtoto wa siku tisa.

Jumatatu, 1 Aprili

Kina mama wanasifu. Wanaweka nepi mashavuni. Mmoja ameuliza kama anaweza kuzaa tena mwaka huu huu. Wodi nzima inanukia maua, na Nasike anapita katikati yao na karai lake, kila mtu akimwita kwa jina. Mimi hakuna aliyeniita.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Mvua kanisani. Mhubiri hakusikika kwa kelele za mabati, na kwa kweli sikuona hasara.

Jumanne, 9 Aprili

Nilijua, na leo nimeona kwa macho yangu.

Mtoto wa kiume amezaliwa saa nne asubuhi. Sista aliosha mikono, akachukua taulo, akajifuta, akajifuta tena, kisha akaikung'uta mikono na kuimalizia kwenye aproni. Hakushtuka, alikuwa na haraka. Mimi nilishtuka. Taulo lile limefanya kazi miaka minne, na siku zote likigusa maji linayanywa.

Nilirudi kibandani, nikajaza karai maji safi. Nikatoa nepi moja ya akiba kabatini, ambayo haijawahi kuona softena, nikailaza juu ya maji. Ilizama kabla sijaiachilia vizuri. Nikalaza ya pili, moja ya hizi zinazonukia. Ilikaa juu. Nilihesabu hadi sitini, bado imekaa juu, maji yakizunguka kama shanga kwenye nyuzi zake. Nepi ya taulo, iliyoumbwa kunywa, imekataa maji.

Nasike alikuwa amesimama nyuma yangu. "Baba, kwani hiyo imekataa maji?"

"Imekataa."

"Kwa nini?"

Ningemwambia. Ni maneno machache tu: mafuta yamejaza nafasi ambayo maji yangeingia, na kila ukifua yanaongezeka tabaka juu ya tabaka, na uchafu unanaswa humo chini ya manukato. Nikamwambia aende aangalie kama pipa limechemka.

Jumatano, 10 Aprili

Nimezungumza na Sista. Nilivaa koti.

Nilimwambia, "Sista, nepi hizi hazinywi. Mkojo utakaa juu ya ngozi ya mtoto. Siku mbili tatu mtoto atachubuka."

"Mzee Gachanja, wiki hii nimepata mama watatu waliokuja kwa sababu wamesikia nepi zetu zinanukia. Kabla ya hapo walikuwa wanalalamika uvundo. Uvundo ulikuwa wa nani?"

"Wa mvua."

"Na softena imeushinda."

"Imeufunika, Sista. Haijauosha." Nikamweleza dawa ninayoijua. Sabuni ipunguzwe. Nepi zichemshwe na magadi kidogo. Zisuuzwe mara mbili, na maji ya mwisho yatiwe nusu kikombe cha siki kwa kila karai, kwa sababu kinachofanya nguo iwe ngumu ni sabuni iliyobaki ndani, na siki huing'oa sabuni hiyo. Kisha zikung'utwe kwa nguvu kabla ya kuanikwa, na zikikauka zisuguliwe mkononi. Zitakuwa laini na zitakunywa.

"Siki ni ya chipsi," akasema. Akafunga faili. "Tangu msichana huyu aje, kila kitu kimekuwa na kasoro. Sitaki wivu katika nyumba yangu, baba. Rudi kazini."

Wivu. Ndiyo, wivu ninao, siwezi kulidanganya daftari langu. Lakini nepi haijui wivu wangu. Nepi ilielea.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimenunua siki kwa Abdiqadir, chupa mbili. Aliniuliza kama nafungua hoteli. Nusu ya nepi, zile za karo yangu, nimezisuuza kwa siki bila kumwambia mtu. Ziko vizuri mkononi. Tatizo ni moja. Harufu ya siki hutoka nepi ikikauka, na kukauka kwenyewe ndiko hakuna.

Jumanne, 16 Aprili

Aibu.

Kuna mama mmoja kijana wa Buruburu, kucha nyekundu, mtoto wa kwanza. Alipewa nepi yangu, ingali na unyevu kidogo, akainusa akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Hii nepi inanuka kachumbari. Kwani mimi nimekuja kuzaa ama nimekuja kula chipsi?"

Wodi iliangua kicheko. Wauguzi walicheka. Hata mama aliyekuwa na uchungu alicheka katikati ya uchungu wake. Sista alikuja kibandani, akachukua chupa zangu mbili mbele yangu, akazimwaga kwenye karo moja baada ya nyingine. Akasema kuanzia leo kila nepi itapita kwenye softena, za karo yangu pia, na nikirudia mchezo huo hatangoja mvua iishe.

Nasike hakucheka. Alinitazama kwa huruma. Ningependelea acheke.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. "Kachumbari," ameniita mlinzi wa lango.

Jumatatu, 22 Aprili

Nitaandika nilichofanya leo, kisha nitafunga daftari.

Saa sita Nasike alikwenda wodini kukusanya nepi chafu. Makarai saba ya nepi yalikuwa tayari kwa maji ya mwisho, na kifuniko kikining'inia kwenye uzi wake. Nilikiangalia kile kifuniko. Nikasema moyoni, wanataka softena, wapewe softena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikachukua kikombe changu cha bati, kile ninachonywea chai, nikakijaza kutoka mtungini, nikamimina katika karai la kwanza. Kikombe kizima. La pili. Nilikwenda hivyo hadi la saba. Nasike aliporudi aliyatia kifuniko kimoja kimoja juu ya hayo, maana hiyo ndiyo kazi aliyopewa.

Nilitaka nepi zielee mbele ya Sista. Hilo tu. Nilitaka aje aniambie, Mzee Gachanja, ulisema kweli.

Chai ya saa kumi ilinukia maua. Niliimwaga.

Jumatano, 24 Aprili

Sikuandika jana. Hakuna jipya, mvua tu.

Ijumaa, 26 Aprili

Watoto watano wana upele. Jana walikuwa wawili. Mmoja, binti wa mama anayeitwa Mumina, amechubuka kuanzia kiunoni hadi mapajani, ngozi imetoka. Ana siku nne duniani. Akifunguliwa nepi, ngozi imelowa na nepi ni kavu. Analia bila kupumzika, na sauti yake inakuja moja kwa moja hadi karoni. Mama yake halii. Amekaa tu, amemlaza tumboni, anampepea kwa kitambaa cha kichwa.

Nilisema wangechubuka. Nilisema tarehe kumi, nimeandika hapa. Nimesoma tena ukurasa ule mara mbili na haujanipa raha niliyoitarajia.

Jumatatu, 29 Aprili

Sista alituita sote wawili ofisini. Mezani palikuwa na karai la maji na nepi moja imeelea juu yake. Amejaribu mwenyewe, kama nilivyomwambia.

"Mzee Gachanja, ulisema kweli," akasema.

Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja. Nilisimama wima.

Kisha akaitoa nepi, akaibana, na vidole vyake vikang'aa kwa utelezi. "Lakini hii si ya kifuniko kimoja. Aliyetia hii alimimina. Kazi ya softena ilikuwa ya nani?"

"Yangu, Sista," Nasike akajibu.

"Ulitia kiasi gani?"

"Kifuniko kimoja kwa karai."

"Unaniambia mimi mwongo? Nimekuwa mkunga miaka thelathini. Tazama mikono yangu. Nani mwingine aligusa mtungi?"

Nasike aliangalia sakafu. Kisha aliniangalia mimi, kidogo tu, akarudisha macho chini. Kutoka wodini yule mtoto wa Mumina alikuwa akilia. Palikuwa na nafasi ya mtu kusema. Ilikuwa nafasi ndefu, ingetosha kusema jambo zima na kuomba radhi juu yake.

Sikusema.

"Sijui, Sista," Nasike akasema.

Jumanne, 30 Aprili

Ameondoka bila barua. Alizikunja nepi zote za asubuhi kwanza, akazipanga kabatini, kingo zimelingana. Mvua haikumngoja afike hata langoni.

Ijumaa, 3 Mei

Sista ameagiza siki, debe zima, na limeletwa na Abdiqadir mwenyewe akiwa anacheka masharubuni. Tumezichemsha nepi zote mara tatu kwa magadi ili kuyatoa mafuta. Mara ya kwanza maji yalikuwa na utando juu, kama supu iliyopoa. Mara ya tatu nepi ziliacha kuelea. Nimefunga kamba karibu na jiko la wodi ili zikauke hadi mwisho, na zikikauka hazina harufu yoyote, si ya maua wala ya kachumbari.

Upele unapona. Wauguzi wananiita Daktari Siki. Mtungi wa Patrobas umerudishwa kwake ukiwa nusu, na Patrobas amenuna, redio imefungwa siku mbili. Ningefurahi siku nyingine.

Jumatano, 8 Mei

Nasike alikuja kurudisha aproni. Alikuwa ameifua na kuipiga pasi. Nilikuwa peke yangu kibandani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Niko tu. Nimepata kibarua Baba Dogo, tunachambua matambara kiwandani." Alitaka kuondoka, kisha akasimama mlangoni. "Baba, nilikuona."

Nilikuwa na nepi mkononi. Niliendelea kuikamua ingawa haikuwa na maji tena.

"Ile siku ya makarai saba. Nilirudi kuchukua ndoo, nikakuona na kikombe. Nikafikiri labda Sista amekwambia uongeze. Ndiyo maana na mimi nikatia changu."

"Mbona hukusema pale ofisini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kitoto. "Kwetu mtu hawezi kumtaja mzee wa umri wa baba yake mbele ya watu, aseme huyu ndiye. Ni kumvua nguo. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Nasike..."

"Nilingoja hata kule langoni, kidogo. Basi, Baba. Ubaki salama."

Aproni ameikunja mara nne, imekaa juu ya pipa. Sijaigusa.

Jumapili, 12 Mei

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Wangeci ni mafua.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua inapungua. Wakati mwingine ningeshukuru.

Jumanne, 21 Mei

Nimemwambia Wangeci yote. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakunikatiza, na mwanamke huyu hukatiza hata sala. Nilipomaliza aliendelea kutoa mawe, moja moja, akiyaweka kwenye kisahani.

"Baba Wakiuru," akasema mwishowe, "huyo msichana alikuwa anakuitaje?"

"Baba."

"Na baba yake mwenyewe anaitwa nani?"

Sikujua. Wiki sita tumeinama karo kwa karo, amenieleza habari za chuo, za shangazi, za matope ya Mowlem, na mimi sikuwahi kumuuliza ni binti ya nani.

"Enda kwa Sista," Wangeci akasema. "Usije tena kwangu na hiyo habari. Mimi si karo."

Ijumaa, 24 Mei

Nilikwenda hadi mlango wa ofisi. Sista alikuwa na wageni. Niliwashukuru wageni wale.

Alhamisi, 30 Mei

Leo nimesema.

Nilifunga mlango nyuma yangu, nikasimama, nikasema yote kwa pumzi moja: makarai saba, kikombe cha bati, hasira zangu, kunyamaza kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilikuwa nimeacha ufunguo wa kibanda mfukoni mwa koti ili niutoe upesi.

Sista aliendelea kuandika hadi mwisho wa mstari.

"Najua," akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Nilijua siku ile ile. Kabla sijawaita nilipita kibandani. Kikombe chako kilinukia maua. Msichana hanywi chai kwa kikombe chako."

"Sasa mbona ulimfukuza yeye?"

"Kaa chini, Mzee Gachanja." Sikukaa. "Nilikuwa na watoto watano wamechubuka, na mama zao wanataka kujua ni nani. Lazima mtu angeondoka. Ningekufukuza wewe, nepi zingeponywa na nani? Yeye hakujua siki, hakujua magadi. Hukumfundisha. Nilikuwa naangalia, nilisema nitaangalia. Nilihitaji mikono yako, si roho yako."

Nimetukanwa katika maisha yangu. Nimetukanwa na wazungu kwa Kiingereza na kwa Kiswahili kibovu. Sijawahi kutukanwa kwa upole namna hii.

Nilimwomba amwandikie Nasike barua. Akasema hawezi kuandika kwamba alimfukuza mtu bila kosa, jina la nyumba yake litakwenda wapi? Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi mbili kubwa safi na bahasha.

"Andika wewe. Andika ulichofanya, utie sahihi. Nitagonga muhuri nithibitishe kwamba wewe ni dobi wangu na kwamba msichana hakuwa na kosa. Chuo kinafunga kupokea maombi Ijumaa ijayo, tarehe saba. Ukiniletea barua hiyo, Nasike atakwenda kusoma. Na siku hiyo hiyo utaniachia ufunguo, kwa sababu barua ikishatoka siwezi kuwa na wewe hapa. Usiponiletea, kazi ni yako, mvua imeisha na nimebaki na mtu mmoja."

Akachukua kalamu yake tena. "Na kama utapata nafasi, niandikie pia namna ya kufua nepi, niibandike ukutani. Siku moja utakufa, na mimi sitaki kuanza upya."

Jumamosi, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Jua. Karatasi ziko ndani ya Biblia, Wangeci hajaziona.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza. "Mimi, Naftaly Gachanja, nathibitisha ya kwamba..." Niliandika kwa penseli, nikafuta.

Jumatano, 5 Juni

Jua kali, nepi zinakauka kwa saa mbili. Siku kama hizi kazi hii ni tamu. Zinapigwa na upepo kwenye kamba zote sita, nyeupe, na ukipita katikati yake hakuna anayekuona. Nilikaa humo muda mrefu.

Miaka hamsini na sita. Shamba la Murang'a waligawana ndugu zangu. Binti yangu Wakiuru ameolewa na ana yake. Nikitoka kwa Sista, mimi ni mzee anayejua kufua.

Alhamisi, 6 Juni

Patrobas amesema amemwona Nasike Baba Dogo, amejifunga kitambaa mdomoni kwa vumbi la matambara. Alimsalimia. Nasike akauliza, "Baba hajambo?"

Jumamosi, 8 Juni

Jana ilikuwa Ijumaa.

Nilizitoa karatasi kwenye Biblia asubuhi, nikaketi karoni kabla ya mtu yeyote kufika. Karatasi ya kwanza ilikuwa imechakaa kwa kufutwafutwa, nikaichana. Ya pili ilikuwa safi. Nilichukua kalamu ya wino, na niliandika kwa mwandiko wangu wa misheni, ule uliowahi kunipatia zawadi ya sahani.

Niliandika kwamba nepi isitiwe softena kamwe, wala taulo, kwa sababu huziba nyuzi kwa mafuta na kumwachia mtoto mkojo kwenye ngozi. Kwamba sabuni iwe kidogo, kiasi cha kupotea kwa suuzo mbili. Kwamba magadi yatiwe katika maji ya kuchemsha, kijiko kimoja kwa pipa, na siki nusu kikombe katika maji ya mwisho. Kwamba nguo ikung'utwe kabla ya kuanikwa na isuguliwe ikikauka, ulaini utakuja wenyewe. Na anayetaka kujua kama nepi ni nzima ailaze juu ya maji. Nzima huzama.

Karatasi ikajaa. Hapakuwa na nafasi ya jambo lingine. Nikatia sahihi chini, Naftaly Gachanja, dobi, na tarehe saba Juni.

Sista aliisoma akiwa amesimama. Aliigeuza nyuma, akaona ni tupu. Aliniangalia, akatafuta gundi.

Imebandikwa juu ya karo. Leo mama mmoja aliyekuja kuchukua nepi aliisoma hadi mwisho, akanipa mkono. Alisema watoto wa nyumba hii wana bahati kupata mtu kama mimi. Nikamwambia asante.